Mwaka wa Kadi ya Nekesa

Laiti ningemwambia Shem hapana. Alisimama mlangoni petu, mtaani Tena, asubuhi ya Jumamosi, gunia begani, akasema, "Fundi, msiagize sanduku la watu. Tutalitengeneza wenyewe." Binti yangu Nekesa alikuwa ameketi mezani na karatasi yake aliyoiandika kwa siku nyingi, na mimi, bila hata kumtazama, nikajibu, "Ingia, tuone." Maneno mawili tu. Nimeyarudia kichwani mara nyingi kuliko nilivyorudia sala. Mwezi uliopita niliyarudia tena, nikiwa kwenye kiti cha plastiki nyumbani kwa Shem, mtaani Umoja, tukingoja mwili wake usafirishwe kwenda kwao. Wanaume tuliofanya kazi pamoja katika karakana ya reli walikuwa wakisimulia habari za marehemu, na mmoja akasema, "Na mnakumbuka Shem alivyounguza laptopu ya binti wa Wanjala?" Wanjala ni mimi. Watu wakacheka, maana matangani watu hutafuta pa kuchekea. Nikasimama. Nikasema, "Shem hakuunguza kitu. Ni mimi." Mzee mmoja akanivuta koti akaniambia, "Keti, bwana. Nani amekushtaki?" Niliketi, lakini niliporudi nyumbani niliona nimeanza jambo ambalo sharti nilimalize, ndiyo maana naandika.

Wengi husema mwaka unaomfunza mtu humjia akiwa kijana. Wangu ulinikuta na miaka sitini na mmoja, mwaka wangu wa kwanza wa kustaafu. Nilikuwa nimetengeneza mota na swichi kwa zaidi ya miaka thelathini, na ghafla nikawa mtu wa kukaa sebuleni akisikiliza redio na kumuuliza mkewe chakula ni saa ngapi. Rosa alinivumilia wiki mbili. Wiki ya tatu nilimsikia jikoni akimwambia Nekesa kwa sauti ya chini, "Huyo babako mtafutie kazi, la sivyo nitamrudisha reli kwa miguu." Nekesa akacheka hadi akakohoa. Alikuwa na miaka ishirini na minne, amemaliza chuo alikosomea kuchora katuni zinazotembea, na meza yetu ya kulia chakula ndiyo iliyokuwa ofisi yake. Tulikula kwenye nusu ya meza. Nusu ya dirishani ilikuwa yake, na ole wako umwage mchuzi huko.

Sijui kama alifanya kwa sababu ya ombi la mamake au kwa kunihurumia, lakini siku moja alivuta kiti karibu na chake akasema, "Baba, kuja uone kitu." Ndivyo nilivyoingia katika kazi yake. Kampuni moja ya nje inayotengeneza katuni za watoto ilikuwa imempa mtihani: hadithi ya dakika mbili, aichore yeye, aipake rangi, iwe na mwanga na vivuli, awatumie ndani ya wiki sita. Wakipendezwa wangemwajiri, na kazi angeifanyia papo hapo, kwenye meza yetu, karibu na dirisha letu. Hadithi ilikuwa ya msichana anayefukuza mwavuli wake sokoni siku ya mvua. Michoro alikuwa nayo. Shida ilikuwa laptopu. Kila sekunde ya katuni ni picha ishirini na nne, na laptopu ile ilichukua kama nusu saa kuikamilisha picha moja. Tulipiga hesabu pamoja kwa penseli. Ilikuwa ifanye kazi usiku na mchana kwa muda mrefu kuliko tuliokuwa nao, hata isingepumzika kamwe.

"Kadi yake ya picha ni ndogo," alinieleza. "Ni kama kuchemsha chai ya harusi kwa mshumaa."

"Basi tuweke kubwa."

"Haitoshei ndani, Baba. Ndiyo maana watu huiweka nje."

Akageuza laptopu ubavuni akanionyesha tundu dogo lenye alama ya radi. Kadi kubwa, alisema, hukaa nje katika sanduku lake lenye umeme wake, na waya mmoja hutoka kwenye sanduku ukaingia hapo. Matundu yenye umbo hilo ni mengi, lakini yasiyo na radi ni ya kuchaji na kuhamisha faili tu. Kuna watu hununua sanduku zima, wakifika nyumbani wanakuta laptopu zao hazina radi.

"Na wewe ulijua yako inayo?"

"Nilinunua hii kwa sababu ya hiyo radi."

Nilimtazama mtoto wangu kama ninayemwona kwa mara ya kwanza. Nilishukuru siku ile na nashukuru hadi leo. Kwa majuma mawili nilikuwa mwanafunzi wake. Alinifundisha kwa nini hataki kadi kubwa kupita zote: waya ule una kipimo chake, na kadi kubwa sana huishia kungoja njia. Alinifundisha kwamba ni afadhali skrini ichomekwe kwenye kadi yenyewe, picha isirudi tena kupitia waya uleule. Mimi nilimwuliza maswali ya kizee, naye alijibu bila kunicheka, huku Rosa akitupigia kelele kutoka jikoni, "Nyinyi wawili, chai inapoa! Au mnataka niwaletee na waya?" Mwishowe Nekesa akaandika karatasi yake: sanduku gani, kadi gani ya wastani, kwa nini. Sanduku lingefika baada ya wiki mbili na nusu. Alikwisha kupima: siku zingebaki za kutosha, si za kuchezea, lakini za kutosha.

Hapo ndipo Shem alipoingia na gunia. Shem Odera alikuwa mwenzangu wa karakana tangu tukiwa vijana wenye nywele. Alipostaafu, mwaka mmoja kabla yangu, alifungua kibanda cha kutengeneza vyombo vya umeme Umoja. Mimi ndiye niliyemweleza habari za kadi, kwa kujivuna, nikimtajia binti yangu anavyojua mambo. Ndani ya gunia alikuwa na bodi tupu ndefu kama kiganja na nusu, ambayo kadi husimama juu yake, na waya wake haukuingia kwenye tundu la radi. Uliingia ndani ya laptopu, mahali pa kadi ya Wi-Fi, baada ya kuifungua mgongo. Alikuwa pia na pawa kuukuu, yaani kile kisanduku cha chuma chenye feni kinacholisha kompyuta ya mezani umeme. Kadi alijua pa kuipata.

"Wiki mbili na nusu mnangoja nini?" alisema. "Leo hii itawaka."

"Nimeshachagua, Uncle Shem," Nekesa alisema kwa adabu.

"Umechagua vizuri, nyako, msichana wetu. Lakini sanduku ni nini? Ni bati na rangi. Ya ndani ni haya haya."

Rosa alichungulia kutoka jikoni, mwiko mkononi. "Mwacheni mtoto achague. Kazi ni yake."

Nilisikia maneno yake vizuri sana. Lakini Shem alikuwa ananitazama kwa yale macho ya zamani, ya watu wawili wanaolala chini ya injini na kuinuka imetengenezwa, na mimi nilikuwa nimekaa miezi mitano bila kutengeneza kitu chochote. Nilitaka kuwa mtu wa lazima. Nikamwambia Nekesa, "Hizi wiki mbili tutaziokoa, mama. Niachie mimi." Alikunja karatasi yake mara mbili, akaiweka chini ya laptopu, akasema, "Sawa, Baba."

Kadi tuliifuata mtaa wa Pipeline mchana uleule, mimi na Nekesa, kwa kijana mmoja aitwaye Brayo aliyekuwa amefunga chumba chake cha michezo ya video. Alikaa ghorofa ya sita, kwenye ujia ambao taa huwashwa adhuhuri kwa sababu jengo la pili limekaribia kuugusa ukuta. Alitupokea kwa heshima, akapangusa kiti kwa fulana.

"Mzee, hii kitu ni moto," alisema, akitoa kadi kwenye boksi lake la asili. "Haijawahi niangusha hata siku moja."

"Mbona unaiuza?"

"Landlord, mzee. Yeye ndiye ameniangusha." Alicheka, kisha akawa makini, akamgeukia Nekesa. "Lakini hii inakula stima, umeme kibao, msee. Usiiwekee pawa ya kubahatisha. Namba zake ziko hapo kwa boksi."

"Nimeona," Nekesa alisema.

"Pawa iko," nikasema mimi, na tukashuka ngazi.

Siku iliyofuata ilikuwa Jumapili. Baada ya kanisa nilipita soko la Kariokor nikanunua kipande cha ngozi nene cha kulazia bodi, isigusane na chochote. Nilikikata vizuri, nikakitoboa, nikafunga bodi kwa skrubu ndogo. Bado naamini sijawahi kufunga kitu kwa usafi kama ule. Nikaifungua laptopu mgongo, Nekesa akiwa amesimama nyuma yangu amejishika viwiko, nikachomoa kadi ya Wi-Fi, nikachomeka waya. Kisha ikawa zamu ya umeme, na hapa lazima nieleze desturi yetu ya karakana. Kila mota ina kibati ubavuni chenye namba zake, sisi tulikiita sahani. Kabla ya kuwasha chochote, mtu mmoja aliisoma sahani kwa sauti na wa pili akarudia. Wakishakubaliana, mkubwa alisema, "Sahani imesomwa," na kuanzia hapo hakuna aliyeruhusiwa kufungua mdomo hadi umeme uwake, kwa sababu maneno ya dakika ya mwisho yaliwahi kutoa watu vidole. Desturi hiyo ilituokoa mimi na Shem mara nyingi. Basi Shem, aliyekuwa amerudi kutusaidia, alishika ile pawa, akainua miwani, akasoma, "Wati mia tano." Nikarudia, "Wati mia tano."

"Soma na zile za chini, Uncle," Nekesa alisema. "Ile ya volti kumi na mbili. Kadi inakula hiyo tu."

Sahani za mota zetu zilikuwa na namba moja kubwa ya kuangalia. Hii ya pawa ilikuwa na jedwali zima chini ya ile namba kubwa, na sisi wawili hatukuwa tumewahi kuhitaji kusoma jedwali. Shem alianza kuisogeza karibu na macho. Mimi nikasema, "Sahani imesomwa."

Shem akaishusha. Nekesa alikuwa amelelewa katika nyumba ambayo maneno hayo yalitumika hata kumaliza mabishano ya chumvi kwenye mboga. Alinyamaza. Nikawasha.

Ikawaka. Sitaacha kuandika kwamba iliwaka, kwa sababu zile siku nane ni kati ya siku bora nilizopewa. Feni za kadi zilianza kuzunguka, skrini ikafunguka, na picha iliyochukua nusu saa ikatoka kabla Rosa hajamaliza kumenya kitunguu. Nekesa alipiga kelele, akamkumbatia Shem, akanikumbatia mimi, akarudi kumkumbatia Shem. Tulikula ugali na omena tukitazama skrini kama watu wanaotazama mpira. Kila siku msichana wa katuni alipata rangi: leo gauni, kesho kivuli chake ukutani, kesho kutwa macho. Majirani walipita kuona. Rosa, ambaye kwanza alilalamika kwamba kile kitu kinanguruma kama posho mill ya kusaga mahindi, alianza kuacha mlango wa jikoni wazi ili naye aone. Nilikaa kando ya Nekesa tangu chai ya asubuhi, kazi yangu ikiwa kupima joto la kadi kwa mkono na kutoa maoni yasiyohitajika, na aliyasikiliza. "Huyu muuza nyanya mwongezee kiuno," nilimwambia siku moja, na akamwongezea.

Nilichokuwa sijui ni kwamba alikuwa ameanza na sehemu nyepesi. Ndani ya vibanda, chini ya paa, kadi haikusukumwa sana. Mvua yenyewe, na matone yote na taa za soko juu ya maji, aliiacha mwisho. Jumatatu ya pili, saa sita mchana, Rosa akipika chapati, Nekesa alisema, "Haya, sasa mvua," akabonyeza. Feni zilipanda sauti ambayo hatukuwa tumeisikia. Dakika chache baadaye nilinusa kitu ambacho si chapati. Nilikuwa nimenyoosha mkono kuelekea swichi ya ukutani pale pawa ilipolia mlio mmoja mkavu, na skrini zote mbili zikazimika, ya kadi na ya laptopu. Nekesa aliinua mikono yake kutoka kwenye vitufe akaiacha hewani. Rosa akaita, "Nini hiyo?"

"Ni stima," nikasema. "Imeruka. Hii estate yetu unaijua."

Redio ilikuwa bado inacheza. Taa ya jikoni ilikuwa inawaka. Nikayasema hivyo hivyo.

Shem alikuja, akafungua, akapima. Pawa ilikuwa imeungua na kwenda na kadi, na kupitia waya ule wa ndani ikaunguza bodi ya laptopu. Diski ilipona. Kwa siku mbili niliwaachia Shem na Rosa wazungumze habari za stima, za kadi ya Brayo, za bahati. Siku ya tatu niliichukua ile pawa dirishani na miwani yangu, nikasoma jedwali. Mstari wa volti kumi na mbili ulikuwa na ampea kumi na nne. Nikazidisha kwa penseli: wati mia moja sitini na nane. Boksi la kadi lilitaka mia mbili na ishirini. Zile wati nyingine zote za mia tano zilikuwa za kazi ambazo kadi haihitaji. Hesabu ya darasa la sita. Nilikaa pale hadi Rosa akaniuliza kama ninaumwa.

Nekesa alikuwa jikoni akichambua maharagwe kwenye ungo. Nikamwambia nikiwa nimesimama.

"Haikuwa stima, Nekesa. Ni mimi. Sikusoma ile ya chini."

Hakuacha kuchambua. "Najua, Baba. Niliisoma siku ileile mlipoiweka mezani."

"Sasa mbona hukunizuia?"

"Ulisema sahani imesomwa."

Aliyasema bila ukali, kama anayenieleza sukari imewekwa wapi, na ningependelea kama angenipigia kelele. Nilimwomba msamaha papo hapo, na jioni nikamwomba tena mbele ya mamake. Alinisamehe mara zote mbili. Laptopu nyingine ya kuazima yenye kadi ya maana haikupatikana kwa wakati. Alifanya alichoweza kwa rafiki yake wa chuo, kwa zamu, mwenye laptopu alipopumzika. Hadithi aliituma siku ya mwisho: mwanzo wenye rangi zote, na mvua ikiwa mistari ya kijivu kwenye karatasi nyeupe. Kampuni ilimjibu kwa heshima, ikasifu msichana na hasa muuza nyanya, ikamchukua mtu mwingine.

Nilipomweleza Shem ukweli, alifikiri kidogo, kisha akasema, "Fundi, mimi ndiye nilikuwa nimeshika sahani. Na mimi sina binti wa kunitazama vile. Hii niachie." Nilidhani ni maneno ya kunituliza tu. Kumbe alikwenda kwa wenzetu wote wa karakana akaisimulia kama kosa lake, akaipamba, akaifanya kichekesho, na kwa miaka yote iliyofuata aliitwa Mzee Mia Tano akaitika. Mimi nilijua, na nikaacha iwe hivyo hadi akafa. Mengi mema nimetendewa maishani, na hilo la Shem naliweka juu kabisa, ingawa sikustahili hata robo yake.

Namshukuru Mungu kwamba Nekesa hakuvunjika. Alipata kazi kampuni ya matangazo mjini, baadaye Mombasa, ambako yupo hadi sasa, na katuni zake watoto wa hapa Tena wanazijua bila kujua ni za nani. Anapiga simu kila Jumapili. Ananunua dawa zangu za presha kabla hazijaisha. Akija Desemba hunikalisha kando yake akanionyesha simu yake, na tunacheka. Mtu akiniuliza kama binti yangu ananipenda, namjibu ndiyo, na nina ushahidi.

Mwaka jana Rosa aliniambia, katikati ya habari nyingine, kwamba Nekesa amenunua mashine mpya na kuiwekea kadi ya nje, sanduku na kila kitu, na kwamba alizunguka madukani mwezi mzima akiuliza watu ipi inafaa. Mimi nilikuwa sijui. Aliuliza wauzaji, aliuliza wenzake wa kazini, alimwuliza hata Shem kwa simu, Shem akiwa tayari mgonjwa. Wakati huohuo alikuwa akinipigia kila Jumapili, akiniuliza nimelalaje na miguu inaendeleaje.

Badala ya kazi aliyoikosa alipata nyingine. Laptopu ilinunuliwa nyingine. Nilichopoteza mimi ni zile asubuhi za kuketi kando yake nikifundishwa, na neno langu katika kazi ya mtoto wangu. Tangu mwaka ule Nekesa hajaniuliza tena swali hata moja kuhusu kazi yake.